Mac za Kitambo za PowerPC: Zinalinda Siri Zako Kweli, ama ni Stori za Jaba?

Kama umewahi kuingia stoo ya fundi wa kompyuta, huenda umeiona. Laptopu nyeupe ya Apple, nono, imeandikwa iBook, imelala chini ya rundo la kibodi na nyaya. Hakuna mtu anaitaka. Ukiuliza, fundi anakuangalia kama umepotea njia.

Lakini kuna wasee kila pembe ya dunia wanatafuta hizo mashine makusudi. Wanasema ziko na siri kuliko laptopu mpya, ati hakuna hacker anaziwezea, ati hakuna kampuni inaweza kukuchungulia ukiwa ndani. Nimekaa na moja karibu miaka miwili, na kuna ukweli hapo na kuna stori za jaba. Hii article inatenganisha hizo mbili, ndio ukiamua kununua, ujue unanunua nini.

PowerPC ni nini?

Kila prosesa iko na lugha yake. Karibu kila laptopu ya Windows umewahi kushika inaongea lugha inaitwa x86, ya Intel na AMD. Simu yako inaongea ARM. PowerPC ni lugha ingine tofauti kabisa, iliyoanza 1991 wakati Apple, IBM na Motorola waliungana kupimana nguvu na Intel.

Mac ya kwanza yenye PowerPC ilitoka 1994. Baadaye zikaja G3, G4 na G5. Ile iMac ya rangi rangi kama peremende, ya 1999, ilikuwa G3. Laptopu za iBook G4 ziliuzwa kutoka 2003 mpaka 2006. Halafu mnamo Juni 2005, Steve Jobs akasimama mbele ya wasee wa programu huko San Francisco akatangaza Apple inahamia Intel. Januari 2006 Mac za kwanza za Intel zikatoka, na kufika Agosti mwaka huo uhamisho ulikuwa umeisha. Mac OS X Leopard ya 2007 ndiyo ya mwisho kuingia kwa PowerPC. Kutoka 2011, Apple hawajazitumia apdeti ya usalama.

Usizidharau lakini. Xbox 360, Wii, GameCube na PS3 zote zilikuwa na prosesa za ukoo wa PowerPC. Jeshi la anga la Marekani liliwahi kuunganisha PS3 zaidi ya 1,700 likatengeneza kompyuta moja kubwa ya hesabu nzito. Na zile rova za NASA ziko Mars, Curiosity iliyotua 2012 na Perseverance iliyotua 2021, zinaendeshwa na prosesa inaitwa RAD750, ndugu wa damu wa ile G3 ya iMac. Kwa hivyo lugha haikukufa. Ni Apple tu walihama ploti.

Hoja ya siri inatoka wapi?

Wasee wa PowerPC wako na sababu tatu, na zote ziko na msingi.

*Moja: virusi vingi haviongei lugha yake.* Programu ya virusi iliyotengenezewa x86 ikifika kwa PowerPC ni kama mtu akutukane kwa Kichina na wewe hujui hata neno moja. Haina mahali pa kuanzia. Na kwa sababu mashine zimebaki chache, mwizi hana haja ya kutengeneza virusi vyake mahsusi. Hailipi.

*Mbili: haina kompyuta ndogo iliyofichwa ndani.* Hii wengi hawaijui. Tangu 2008 hivi, karibu kila laptopu ya Intel iko na kitu kinaitwa Management Engine. Ni kaprosesa kengine ndani ya chipu, kako na programu yake, na huwezi kukaona ukiwa Windows ama Linux. AMD nao wako na chao, tangu 2013 hivi. Kazi yake rasmi ni halali, kama kusaidia kampuni kusimamia mashine zake kutoka mbali. Shida ni kwamba programu yenyewe imefungwa, na ikikosea wewe huna la kufanya. Mei 2017 Intel walikiri kosa moja kubwa kwa hiyo sehemu ya usimamizi, toleo la 6 mpaka 11.6. Mtu kwa mtandao angeweza kuingia kwa mashine yenye huo usimamizi umewashwa bila kujua paswadi.

Na hapo ndipo inatuhusu sisi. Huo usimamizi uliwekwa hasa kwa laptopu za maofisi. Na zile ex-UK tunanunua tao ni gani? Ni hizo hizo za maofisi. Kama uko na moja, ingia BIOS uangalie kama kitu kinaitwa AMT kimewashwa, ukizime, na uweke apdeti ya BIOS kutoka kwa tovuti ya aliyeitengeneza.

PowerPC za Apple hazina hiyo kitu.

*Tatu: hazikuulizi chochote.* iBook G4 haina kamera hata ukitafuta na tochi. Haikulazimishi kufungua akaunti. Haina msaidizi wa AI anayesoma skrini. Unaiwasha, unaandika, unazima. Maikrofoni iko, hiyo usisahau.

Sasa stori za jaba

Ukisimama hapo tu, utaona ni kama umepata ngao. Hapana. Ukiiweka kwa intaneti vile ilivyo, hiyo mashine ni nyumba haina kufuli.

Kwanza, apdeti. Kila kosa lililogunduliwa kwa Leopard baada ya 2011 bado liko wazi. Brauza ya Safari iliyoko ndani haijui TLS 1.2, ambayo ndiyo tovuti nyingi sasa zinadai kabla hazijafunguka. Vyeti vya usalama navyo vimezeeka. Kimoja kikubwa kiliisha muda 30 Septemba 2021, na siku hiyo vifaa vingi vya kitambo duniani vikaamka haviwezi kufungua tovuti zilizokuwa zinafunguka jana yake. Kulikuwa na brauza moja iliyookoa jahazi, TenFourFox, ambayo mtu mmoja Mmarekani, Cameron Kaiser, aliibeba kwa zaidi ya miaka kumi. Alifunga kazi 2021.

Pili, kuwa tofauti si kuwa salama. Simu yako ni ARM, si x86, na bado zinaingiliwa kila siku, kwa sababu wezi wanafuata mahali watu wako. PowerPC inaponea kwa kuwa na watu wachache, si kwa kuwa ngumu. Hata ule udhaifu wa Spectre uliotikisa dunia Januari 2018 uligusa prosesa za POWER za IBM, mpaka IBM wakatoa viraka.

Tatu, utapeli hauangalii prosesa. Ukiandika paswadi yako kwa ukurasa feki, imeenda. Iwe uko kwa mashine ya 2005 ama ya mwaka huu.

Nne, na hii ndiyo inauma: ukitembelea tovuti na brauza ya kitambo, unaonekana zaidi. Tovuti husoma aina ya brauza, mfumo na saizi ya skrini. Msee wa simu ya kawaida anapotea ndani ya mamilioni. Wewe na iBook yako ni kama umeingia matatu na suti ya arusi. Kila mtu atakukumbuka. Na anayekuuzia intaneti bado anaona unaenda tovuti gani, hiyo haibadiliki.

Tano, mtu akiishika mkononi ni rahisi kuifungua. Ukiwasha Mac hizi huku umeshika herufi T, inageuka kuwa diski ya nje. Mtu anachomeka waya wa FireWire, anakopi kila kitu, paswadi yako ya kuingilia haijaulizwa hata. Kuna paswadi ya Open Firmware inayozuia hiyo, lakini fundi anayejua anaiondoa kwa kubadilisha memori na kuweka upya mipangilio.

Basi inasaidia nini?

Nikuambie vile ilinifikia. Nilipoacha chuo juu ya fees, sikuwa na laptopu. Nilikuwa naandika kwa cyber: CV, skripti, na mambo mengine nilikuwa najiandikia mwenyewe usiku nikishindwa kulala. Siku moja nilisahau kutoka kwa imeli yangu. Aliyeketi baada yangu alisoma, na alikuwa mtu wa mtaa wetu. Wiki mbili nzima nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe yakirudi kutoka kwa midomo ya watu base. Sikuandika kitu kwa miezi.

Hakuna hacker hapo. Hakuna chipu ya Intel. Ni mashine tu ambayo haikuwa yangu, na mlango niliacha wazi.

iBook nilipewa na fundi mmoja kwa bei ya chuma. Nikazima waifai siku ya kwanza na sijawahi kuiwasha tena. Hapo ndipo nilielewa siri yenyewe iko wapi: mashine kongwe haikulindi kwa sababu ya lugha yake. Inakulinda kwa sababu ya vitu haiwezi kufanya, na kwa sababu hutajaribiwa kuviomba. Haiwezi kutuma. Haiwezi kupokea. Haina notifikesheni. Kile umeandika hapo kinakaa hapo.

Hata wakubwa wanafanya hivi. George R. R. Martin, yule aliandika vitabu vilivyozaa Game of Thrones, alisema 2014 kwa runinga kwamba anaandikia kompyuta ya DOS isiyo na intaneti, na programu ya WordStar 4.0. Yake si PowerPC, lakini akili ni ile ile.

Kazi inazoweza na zenye haiwezi

Zinaenda freshi:
- Kuandika. LibreOffice 4.0 ndiyo ya mwisho kwa Mac za PowerPC na bado inafungua faili za docx.
- Hesabu za biashara yako, bajeti ya chama, orodha ya madeni.
- Muziki, DVD, na filamu za saizi ndogo. VLC 2.0.10 ndiyo ya mwisho kwake.
- Kusoma PDF, kujifunza kuandika programu, kuhariri picha za kawaida.
- Kuchapisha, kama printa yako ni ya enzi hiyo.

Usijaribu:
- Benki, eCitizen, iTax ama kitu chochote cha pesa.
- WhatsApp ya brauza, TikTok, Netflix, mikutano ya video.
- Video ya 1080p. Inageuka picha za mnato.
- Kutunza nakala moja pekee ya kitu unachopenda.

Ukienda kununua, cheki hivi

*Chagua G4, achana na G5.* Power Mac G5 ni kubwa kama sufuria ya harusi na inakula tokeni za stima. Kuna zile za kupozwa na maji ambazo maji huvuja ndani. iBook G4, PowerBook G4 ama Mac mini G4 ya 2005 zinatosha.

*Memori.* iBook G4 ya 2005 inafika giga 1.5, PowerBook G4 ya inchi 15 inafika giga 2, Mac mini G4 ni giga 1. Leopard inataka angalau megabaiti 512 na prosesa ya 867MHz. Chini ya hapo weka Tiger.

*Diski.* Ni za aina ya IDE, na zimezeeka. Sikiliza: ikipiga ko-ko-ko, ondoka. Wasee wengi wanaweka mSATA na adapta ya IDE, inakuwa kimya na haraka kidogo.

*Batri.* Ikiwa imevimba, itolewe hapo hapo, usiichaji. Mashine nyingi zinafanya kazi na chaja bila batri.

*Chaja.* Inataka volti 24 hivi. Usichomeke chaja yoyote ati kwa sababu imeingia. MagSafe ilianza 2006 na Mac za Intel, haihusiki hapa.

*Iwake mbele yako.* Usinunue maneno. Iwake, ifike kwa skrini ya kuingia, isogeze kidole kwa kipanya, bonyeza kila herufi.

Kuiseti kama mashine ya siri, hatua kwa hatua

1. Futa ya mwenyewe wa kwanza. Waka na diski ya kuinstoli huku umeshika herufi C. Fungua Disk Utility, chagua kuandika sufuri juu ya diski nzima. Itachukua masaa. Iache. Hutaki kubeba siri za mtu mwingine.

2. Instoli upya, halafu usiiunganishe na mtandao hata siku ya kwanza.

3. Toa waifai. Kwa iBook G4 za kwanza, kadi ya waifai iko chini ya kibodi na inatoka. Kama yako haitoki, izime kwa mipangilio pamoja na Bluetooth.

4. Tengeneza sanduku la faili lenye paswadi. Kwa Leopard, Disk Utility inaweza kutengeneza sanduku lililofungwa kwa AES ya biti 256. Weka maandishi yako yote humo. Ukimaliza, lifunge. Mtu akija na ule ujanja wa herufi T, atakopi sanduku, lakini bila paswadi anaona takataka tu. Kwa hivyo paswadi iwe ndefu, sentensi nzima, na usikubali mashine ikukumbushe.

5. Fleshi moja, kazi moja. Nunua fleshi ya kuhamisha faili peke yake, usiipeleke cyber. Hamisha maandishi matupu kila inapowezekana. Usidhani kukaa nje ya intaneti kunamaliza mchezo: Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, iliingia kwa mitambo ya nyuklia ya Iran kupitia fleshi.

6. Nakala mbili. Hilo sanduku likopi kwa fleshi ingine, uiweke kwa nyumba ingine. Diski ya miaka ishirini haitoi notisi ikienda.

Na kama lazima uingie mtandao?

Basi usiingie na Leopard. Kuna mifumo ambayo bado inatoa apdeti kwa hizi Mac. OpenBSD iko na toleo la macppc, na hutoa toleo jipya kila miezi sita. NetBSD pia iko. Debian waliondoa PowerPC ya biti 32 kwa orodha rasmi 2017, lakini kuna wanaojitolea wanaoendelea kuitunza kando.

Tegemea kazi ya mikono. Waifai ya AirPort Extreme ni ya Broadcom na inataka faili yake ya ziada, kwa hivyo anza na waya. Utatumia brauza za maandishi kama Lynx, utasoma imeli bila picha, utaingia kwa seva na SSH. Ukipenda kujifunza, hii ni shule ya bure ambayo hakuna mtu atakufukuza juu ya fees. Ukitaka kitu cha kubonyeza tu kiende, utachoka siku ya pili.

Kuna njia zingine

PowerPC si ya pekee. Richard Stallman, yule mzee wa programu huru, alitumia kwa miaka laptopu ndogo ya Kichina, Lemote Yeeloong, yenye prosesa ya MIPS, juu ilikuwa inaweza kuwaka bila programu yoyote iliyofungwa.

Kama unataka kukwepa ile kompyuta iliyofichwa ya Intel na bado utumie tovuti za leo, tafuta ThinkPad X200 ya 2008. Inaweza kuwekwa Libreboot, ambayo inaondoa Management Engine kabisa. Raspberry Pi nayo ni ARM, inakula stima kidogo na inapata apdeti kila wakati. Na ukiwa na pesa za mjomba, Raptor Computing Systems wanauza mashine mpya za POWER9, ambazo unaweza kusoma programu yake ya ndani yote. Bei yake ni ya maelfu ya dola, kwa hivyo wengi wetu tutaangalia picha tu.

Kwa kifupi

Kabla ununue chochote, jiulize unamficha nani. Kama ni rumeti, mtu wa cyber ama macho ya mtaa, iBook G4 isiyo na waifai, sanduku la paswadi na nakala mbili zinatosha kabisa. Kama ni tapeli wa pesa, shida yako iko kwa simu na paswadi zako, anzia hapo: weka apdeti, badilisha paswadi moja moja, washa uthibitisho wa hatua mbili. Na kama ni mtu mwenye nguvu za serikali, laptopu nyeupe ya 2005 haitakuokoa, hata ungeifunga kwa kitambaa.

Yangu iko hapa kando, imefungwa, chaja imechomolewa. Sijaandika kitu cha maana sana humo, ni mambo yangu tu. Lakini nimerudi kuandika, na hakuna mtu base anajua ni nini.